Kinda Aliyepandishwa Ligi Kuu Siku 22 Baada ya Drafti: Kisa cha David Clyde, 1973

Orodha za machaguo mabaya katika historia ya drafti ya besiboli ya Marekani haziachi kumtaja David Clyde. Juni 1973 alichaguliwa wa kwanza kabisa nchi nzima, mbele ya Robin Yount na Dave Winfield waliokuja kuwa magwiji, na alipoondoka ligi kuu alikuwa, kama mrushaji, ameshinda mechi 18 na kupoteza 33. Ukiishia kwenye takwimu hizo utasema Texas Rangers, klabu iliyomchukua, walichagua vibaya. Mimi naona walichagua vizuri. Kosa lilifanyika baada ya kuchagua, na waliolifanya walikuwa watu wazima wenye akili zao na wenye kuujua mchezo.

Kwanza tuelewane drafti yenyewe ni kitu gani. Msomaji aliyezoea soka anajua kwamba mtoto mwenye kipaji huingia akademi ya klabu mapema, au klabu mbili tatu humgombania na mwenye fedha nyingi ndiye anayemchukua. Besiboli ya Marekani nayo ilikuwa hivyo hadi mwaka 1964, pale klabu ya Angels ilipompa kijana mmoja, Rick Reichardt, dola 205,000 za kusaini tu, kabla hajaonyesha lolote. Wamiliki wa klabu wakaingiwa na hofu. Mwaka uliofuata wakaanzisha utaratibu mpya: kila Juni klabu zote zilikaa na kugawana vijana wa shule na vyuo kwa zamu. Siku hizo klabu iliyoburuza mkia msimu uliopita ilichagua mwanzo, na ligi mbili zinazounda ligi kuu, American na National, zilikuwa zikipokezana nafasi hiyo mwaka hadi mwaka. Wa kwanza kuchaguliwa, mwaka 1965, alikuwa Rick Monday, aliyechukuliwa na Athletics, wakati huo wakiwa Kansas City.

Kijana akishachaguliwa anazungumza na klabu moja tu. Silaha yake pekee ni kukataa na kwenda chuo. Siku hizo akimwaga wino, alikuwa mali ya klabu ile hadi wao wenyewe wamuuze au wamwache, kwa sababu uamuzi uliolegeza minyororo ya mikataba ya zamani ulikuja mwisho wa mwaka 1975. Clyde alisaini mwaka 1973. Hakuwa na pa kukimbilia.

Nia ya utaratibu huu ilikuwa nzuri: mnyonge apewe nafasi ya kujijenga. Lakini ulikuwa na tundu moja. Klabu inayoshika mkia mara nyingi ndiyo pia yenye hali mbaya ya fedha. Kwa hiyo kijana bora wa mwaka, yule anayehitaji subira kuliko wote, alikabidhiwa kwa watu wasio na uwezo wa kusubiri.

Rangers wa 1973 walikuwa hivyo hasa. Bob Short aliinunua klabu hiyo mwishoni mwa 1968, wakati ingali inaitwa Washington Senators, na misimu mitatu baadaye akaihamisha kutoka mji mkuu. Mechi ya mwisho jijini Washington, Septemba 30, 1971, haikumalizika. Timu ilikuwa inaongoza 7-5 dhidi ya Yankees, imebaki kumtoa mpigaji mmoja tu, mashabiki wenye hasira wakavamia uwanja, na ushindi ukaenda kwa wageni. Short akahamia Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth, kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili ya ligi ndogo, zile ngazi za chini ambako wachezaji hukomaa, kisha ukaongezwa viti. Msimu wa kwanza huko, chini ya Ted Williams, walishinda mechi 54 na kupoteza 100. Mapato ya mlangoni yalikuwa hafifu, wadai wanabisha hodi, na watu wa Texas wanapenda zaidi futiboli ya Kimarekani.

Na hapo hapo Texas, huko Houston, kulikuwa na mvulana.

David Clyde alizaliwa Aprili 22, 1955, na alisoma sekondari ya Westchester. Alikuwa mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji wa timu pinzani mpira, tena wa mkono wa kushoto, jambo ambalo katika besiboli lina thamani ya pekee. Mwaka wake wa mwisho shuleni alishinda mechi 18 bila kupoteza hata moja. Katika iningi 148 (iningi ni zamu ya timu kupiga) aliwatoa kwa straiki, yaani kwa mipira halali mitatu waliyoshindwa kuipiga, wapigaji 328, zaidi ya wawili katika kila iningi ambayo watu watatu tu wanatakiwa kutolewa. Mara tano alimaliza mechi bila mpinzani yeyote kupata pigo halali. Kila klabu iliyotuma mtu wa kusaka vipaji ilipelekewa ripoti inayofanana na ya mwenzake. Ndiyo maana nasema Rangers hawakukosea kuchagua. Kwa taarifa zilizokuwepo Juni 5, 1973, klabu nyingi zingechagua vilevile.

Aliyefuata, John Stearns, alikwenda Phillies. Wa tatu alikuwa Yount, Brewers. Wa nne, Winfield, Padres. Eddie Murray alisubiri hadi raundi ya tatu kabla Baltimore hawajamchukua. Hao watatu, Yount, Winfield na Murray, kila mmoja alimaliza na zaidi ya mapigo 3,000 katika maisha yake ya uchezaji, na sidhani kama kuna drafti nyingine inayoweza kujivunia hazina ya namna hiyo kwa mara moja. Hapo ndipo lawama kwa Rangers inapoota mizizi. Ila tunawajua Yount na Murray kwa sababu tumeshaona mwisho wa safari zao. Mchaguzi wa Juni ile alikuwa na karatasi za shule tu mkononi.

Clyde akasaini kwa dau lililotajwa kuwa dola 125,000, miongoni mwa makubwa kabisa kutolewa tangu drafti ianze. Akapewa jezi namba 32, ile ya Sandy Koufax, mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye magazeti yalikuwa tayari yanamfananisha naye. Pamoja na fedha yakaja makubaliano ambayo ndiyo kiini cha kisa hiki. Kinda angeanza moja kwa moja ligi kuu, bila kupita ligi ndogo hata siku moja. Angerusha mechi mbili nyumbani, Arlington, mashabiki wakamwona na klabu ikapata chochote. Baada ya hapo angeshushwa akajifunze kazi taratibu kama wenzake. Kocha mkuu, Whitey Herzog, aliyeshika timu mwaka huo, alikubaliana na mpango huo wa mechi mbili.

Mechi ya kwanza ilipangwa Jumatano, Juni 27. Siku 22 tu zilikuwa zimepita tangu drafti. Wapinzani, Minnesota Twins.

Tiketi ziliisha zote, kwa mara ya kwanza tangu Rangers wahamie Arlington. Walioingia walikuwa 35,698. Kupima uzito wa namba hiyo, kumbuka kwamba msimu mzima wa 1973 klabu iliingiza watu 686,085 katika mechi 81 za nyumbani, wastani wa kama 8,500. Mechi ilicheleweshwa dakika 15 kwa sababu mashabiki wengi walikuwa bado wamenasa kwenye foleni ya magari.

Iningi ya kwanza inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake kuna kila kitu kuhusu mvulana huyu. Mrushaji akirusha mipira minne iliyo nje ya eneo halali, mpigaji anatembea bure hadi besi ya kwanza. Clyde alimtembeza mpigaji wa kwanza, Jerry Terrell. Akamtembeza na wa pili, Rod Carew, bingwa wa wastani wa upigaji wa ligi hiyo mwaka 1972. Watu wawili kwenye besi, hakuna aliyetolewa, mrushaji ana miaka 18, uwanja mzima umesimama. Wengi wangevunjika hapo. Yeye akamtoa Bobby Darwin kwa straiki tatu, akamtoa George Mitterwald kwa straiki tatu, akamtoa Joe Lis kwa straiki tatu. Nadhani hata asiyejua besiboli anaelewa kelele zilizofuata.

Alicheza iningi tano. Aliwatoa kwa straiki wapigaji wanane, na aliruhusu pigo moja tu, la Mike Adams lililovuka uzio na kuleta pointi mbili. Rangers walishinda 4-3 na ushindi ukaandikwa kwa jina lake. Gazeti lolote lingelipamba usiku kama ule.

Sasa angalia upande wa pili wa karatasi ileile. Aliwatembeza wapigaji saba. Alirusha mipira 112 katika iningi tano, wastani wa zaidi ya 22 kwa iningi, wakati mrushaji anayejiweza hutafuta kumaliza iningi kwa mipira 15 hivi. Hiyo ni dalili ya mtu anayeshinda kwa nguvu za mkono, akiwa hajajua bado kuutuma mpira anakotaka. Shuleni alikuwa anaishi kwa mpira wa kasi na mpira wa kupinda, na vilitosha kwa sababu wavulana aliokutana nao hawakuweza kuufikia ule wa kasi. Ligi kuu wapigaji wanaufikia. Wanachohitaji ni kuuona mara mbili tatu. Mrushaji anayedumu huko ni yule aliyejifunza kuwabadilishia mwendo, kuanza na mpira wa pole pale wanapotegemea wa haraka, na somo hilo linafundishwa ligi ndogo, mbele ya watu 800, kwenye miji midogo ambayo mtoto akikosea hakuna anayeandika.

Mechi ya pili ikafika na kupita. Kwa mujibu wa makubaliano, hapo Clyde alipaswa kufunga begi.

Hakwenda popote. Short alikuwa ameshaonja. Klabu iliyokuwa ikicheza mbele ya viti vitupu ilikuwa imepata jina moja linalojaza uwanja, na kila zamu ya Clyde nyumbani ilikuwa na maana ya fedha. Herzog alitaka ashushwe lakini mwenye klabu ndiye mwenye kauli. Clyde akabaki ligi kuu hadi mwisho wa msimu, akaanza mechi 18, akashinda 4 na kupoteza 8, na kwa kila iningi tisa alifungwa pointi 5.01. Timu ilipoteza mechi 105. Septemba Herzog akatimuliwa.

Hapa ndipo ninapoweka kidole. Usiku wa Juni 27 haukumharibu Clyde. Kuna wanaosimulia kana kwamba aliharibika pale kwenye kilima cha mrushaji mbele ya watu 35,000, na simulizi hiyo inavutia, lakini takwimu za usiku ule zinaikataa. Mechi mbili za maonyesho kinda angeweza kuzimeza, na pengine zingemsaidia kujua anachokwenda kujifunza. Kilichomwumiza ni uamuzi wa wiki iliyofuata, uliochukuliwa ofisini, ambao haukuwa na tarehe ya mwisho. Makubaliano hayakuwa na mlinzi. Kocha aliyeyataka angeweza kufukuzwa na yule aliyeyavunja, na alifukuzwa. Mchezaji hakuwa na haki ya kudai kushushwa, na ni kijana gani wa miaka 18 angedai? Wazazi walikuwa Houston. Chama cha wachezaji kilikuwa katika vita vyake vikubwa vya kuvunja mfumo wa mikataba.

Watetezi wa Short huleta hoja mbili na zote zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza: mbona wengine wa mwaka uleule walipandishwa haraka na hawakudhurika? Winfield alitoka Chuo Kikuu cha Minnesota moja kwa moja hadi Padres, hakucheza ligi ndogo kamwe, na leo yumo kwenye Jumba la Mashujaa la Cooperstown. Yount alianza ligi kuu Aprili 1974 akiwa na miaka 18, naye yumo Cooperstown. Ni kweli. Lakini Winfield alikuwa na miaka 21 na miaka ya chuo nyuma yake, alikuwa na mwili uliofanya klabu za kikapu na futiboli nazo zimchague katika drafti zao mwaka huohuo. Yount alipata miezi kadhaa ligi ndogo kwanza. Zaidi ya hayo, wote wawili walikuwa wapigaji. Mpigaji kinda akikosea, anarudi benchi na kesho anajaribu tena, mwili wake haujapungua kitu. Mrushaji kila mpira unakula bega na kiwiko, na mrushaji anayehangaika hurusha mipira mingi zaidi ili kupata matokeo yaleyale. Ukitaka mfano wa kulinganisha kwa haki, mtazame Eddie Bane, mrushaji wa chuo aliyechaguliwa wa 11 na Twins, walewale waliokuwa Arlington usiku ule. Wiki moja baadaye, Julai 4, nao wakamtupa moja kwa moja ligi kuu nyumbani kwao, mbele ya watu zaidi ya 45,000. Bane alimaliza na ushindi 7 na vipigo 13.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: bila Clyde, huenda klabu ingekufa, na besiboli ya ligi kuu isingeota mizizi Dallas na Fort Worth. Sina ubishi kwamba alisaidia kulipa bili za kiangazi kile. Ila mwaka uliofuata, 1974, Short alikwisha kuuza klabu kwa kundi la Brad Corbett. Faida ya kumbakiza Clyde ilimfikia mtu aliyekuwa mlangoni anaondoka. Hasara ilibaki begani mwa kijana. Na kilichorudisha watu uwanjani mwaka 1974 kilikuwa ni timu kushinda: Rangers walishinda mechi 84, Ferguson Jenkins akashinda 25 peke yake, Jeff Burroughs akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Dawa ya viti vitupu ilikuwepo, ilihitaji tu kujenga timu.

Msimu huo wa 1974 sisikii ukizungumzwa inavyostahili. Kocha alikuwa Billy Martin, mtu wa ushindi wa leo, asiyekuwa na muda wa kulea. Timu ilipokuwa inafukuzia ubingwa, mrushaji wa miaka 19 asiyetabirika alikuwa mzigo kwake. Clyde alicheza iningi 117, akashinda 3, akapoteza 9. Mwaka 1973 alitumika kupita kiasi kwa sababu alikuwa anauza tiketi. Mwaka 1974 alisugua benchi kwa sababu tiketi zilikuwa zinauzika bila yeye. Kati ya hali hizo mbili hakuna hata siku moja ambayo mpango wa kazi yake ulipangwa kwa kumtazama yeye. Baadaye Clyde mwenyewe amezungumza hadharani kuhusu pombe aliyoizoea miaka ile, akiwa kijana aliyetoka darasani na kuingia chumba cha kubadilishia nguo cha watu wenye wake na watoto.

Mwaka 1975 alirusha mechi moja tu, ndipo wakamshusha, hadi Pittsfield, Massachusetts. Sasa alikuwa anakwenda kuanza shule ambayo angeanza akiwa na miaka 18, na alikwenda akiwa na jina la aliyeshindwa. Alirusha vizuri huko, jambo linaloonyesha kipaji kilikuwa bado hai. Lakini 1976 bega likakubali kushindwa na akafanyiwa upasuaji. Februari 1978 Rangers walimpeleka Cleveland pamoja na Willie Horton. Akajikongoja: ushindi 8, vipigo 11, iningi 153. Kwa bega lile naiheshimu sana kazi hiyo. Mechi yake ya mwisho ligi kuu ilikuwa Agosti 1979, akiwa na miaka 24. Alijaribu kurudi kupitia timu za ligi ndogo za klabu ya Houston, mji wake, kisha akaacha kabisa akiwa na miaka 26 na kwenda kufanya kazi katika biashara ya mbao kwa miaka mingi.

Limebaki suala la pensheni. Kanuni za wakati ule zilidai mchezaji awe ametumikia ligi kuu miaka minne kamili ndipo astahili. Clyde alipungukiwa siku 37. Mwaka 1980, mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka, sharti lilishushwa hadi siku 43 tu za utumishi, lakini halikuwarudia waliotangulia. Mwaka 2011 ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kuwapa wachezaji hao walioachwa nje malipo ya kila mwaka, dola 625 kwa kila siku 43 walizotumikia, yasizidi dola 10,000. Kwa makubaliano yale mchezaji akifariki, malipo yanakoma, mjane na watoto hawapati kitu.